Mkutubi wa Kurasa Arobaini na Nane

Mtaani kwetu walimpa majina mengi, yote ya kazi. Wazee walimwita Mkubwa, kwa sababu walisikia ofisi yake ina zulia. Vijana walimwita Mzee wa Laibrari. Yeye mwenyewe alitaka Mkutubi, na ukimwita vingine aliitikia, ila kwa uvivu. Basi nitamwita Mkutubi. Kwao ni wapi, ukoo gani, alizaliwa mwaka gani, hayo hayanihusu, na mwaka wa kuzaliwa aliuficha hata kwa kinyozi wake.

Ninachojua ni kwamba aliingia maktaba kuu ya nchi akiwa karani wa kupiga mihuri na akatoka akiwa mkuu wake, na kwa miaka mingi niliyomjua kuna kitu kimoja alichokitaka kuliko vyote: kijitabu kimoja cha kurasa nane kiingie katika maktaba hiyo, kiandikishwe, kipewe namba na rafu kama vitabu vingine. Kijitabu hicho nilikichapisha mimi. Kina kosa, kosa ni langu, na nitalifikia.

Nina duka la kuchapisha karibu na steji ya matatu ya Mowlem, huku Eastlands. Watu bado wanaliita saiba, ingawa siku hizi hakuna anayekuja kuvinjari mtandao, kila mtu ana simu yake. Wanakuja kuchapisha barua za kuomba kazi, kutoa nakala za vitambulisho, na zaidi ya yote kutengeneza programu za mazishi. Mtu akifa pande zetu, kabla hajasafirishwa kwao, kamati ya mazishi hukaa, na mwisho wa kikao mjumbe mmoja hutumwa kwangu na picha kwenye simu na maisha ya marehemu yameandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Ninaletewa Jumatano jioni, na Alhamisi asubuhi wananisimamia mlangoni. Picha mbele, ratiba ya ibada, maisha ya marehemu, nyimbo mbili, shukrani nyuma. Karatasi mbili zinakunjwa, zinapigwa stepla katikati, kurasa nane zimetimia.

Kwa sababu ya kazi hiyo Mkutubi aliniita Mchapishaji. Mwanzoni nilidhani ananitania. Baadaye nikagundua kwamba kwake huo ulikuwa wadhifa, tena wadhifa wenye wajibu. Alikuwa amekula mshahara maisha yake yote kwa kuwafuata wachapishaji walete nakala mbili mbili za kila walichokitoa, na hakuona kwa nini mwenye kimashine kimoja na kibao cha rangi ya chungwa asihesabiwe kati yao. Alikuwa akipita asubuhi, kabla sijafagia, anauliza nimechapisha nini jana. Nikimwambia ni kadi za harusi tu, anataka kuziona. Ananawa mikono kwanza kwenye mtungi wangu wa maji, anaikausha kwa leso, ndipo anashika karatasi. Nilikuwa nikikasirika, maji yenyewe ya kununua, lakini mtu anayenawa kabla ya kushika kadi ya harusi ya jirani utamwambia nini?

Alivaa sweta isiyo na mikono hata Januari, jua la kuchoma. Alibeba chupa ya chai isiyo na sukari na kopo la githeri, mahindi na maharagwe, akala pale pale mezani kwake katika ofisi ya zulia, na ikifika jioni akarudi Eastlands kama sisi. Walimpa nyumba ng'ambo ile ya mji yenye bustani na mlinzi. Aliikaa wiki mbili. Alisema kule kimya kimezidi, hawezi kulala. Huyu ndiye mtu aliyelipwa kuwanyamazisha watu. Nyumbani kwake redio ilianza alfajiri kwa sauti ya kusikika hadi kwenye bomba la maji, na mtu akilalamika anamjibu kwamba maktabani anafanya kazi, hapa anaishi.

Alikuwa na hayo mengi ya kugongana. Hakuwahi kumaliza riwaya hata moja. Aliniambia mwenyewe, bila haya, akimenya chungwa. Alikuwa akianza, akifika katikati anaanza kuwaza kama karatasi yake itadumu. Kazi yake, alisema, ilikuwa kuhakikisha kitabu kipo siku mtu atakapokitaka, na huyo mtu si lazima awe yeye. Gazeti ndilo alilolisoma lote, na alianzia kwenye matangazo ya vifo. Mabango ya ukutani aliyasoma pia. Ukiwa naye njiani hamfiki. Bango la mkutano wa maombi au la mchezo wa kandanda likishapitwa na tarehe, analibandua taratibu kwa kisu kidogo, analikunja, analitia mfukoni. Lenye tarehe bado haligusi. Siku moja askari wa kaunti walimkamata kwa kosa la kubandika mabango, naye akawaeleza kwa upole kwamba yeye anafanya kinyume chake. Walimwachilia walipochoka kusikiliza.

Hadithi yake ya ujanani aliyoipenda ni ya Eastleigh. Kulikuwa na mchapishaji mmoja ghorofani, juu ya maduka ya jumla ya blanketi, aliyetoa kitabu cha mapishi na hajaleta nakala. Mkutubi, wakati huo karani mwembamba, akatumwa. Mchapishaji mwenyewe kila akisikia kuna mtu wa serikali anapotelea ngazi za nyuma. Karani akakaa juu ya robota la blanketi akisubiri. Alikaa siku tatu. Siku ya pili wenye duka walimdhania kibarua mpya, wakampa blanketi za kukunja, naye akakunja, maana hakutaka kufukuzwa mahali pale. Siku ya tatu mchapishaji alishuka kununua blanketi, na aliyemhudumia ni karani wetu. Alirudi maktabani na nakala mbili za mapishi na ofa ya kazi Eastleigh.

Na kuna ile ya waziri. Waziri mmoja alituma gari lichukue magazeti ya zamani, akayasome nyumbani kwake. Mkutubi akajibu kwamba magazeti hayatoki, waziri anakaribishwa kusomea hapo. Ofisi nzima ilishika roho mkononi. Waziri akaja kwa hasira, akakalishwa kwenye kiti cha mbao kama mwanafunzi, akaletewa magazeti. Baada ya nusu saa alikuwa amelala juu ya meza. Mkutubi alimwacha alale hadi saa ya kufunga, ila alichomoa gazeti kutoka chini ya shavu lake lisilowe.

Ninasema haya ili ijulikane ni mtu wa aina gani. Kanuni kwake haikuwa na mdogo wala mkubwa. Na hapo ndipo alipojitega.

Alipopandishwa cheo mara ya kwanza, ghala la maktaba lilikuwa limefurika vipeperushi, kalenda, ratiba, vitabu vya nyimbo vya kurasa kumi, vitu vya kila aina. Panya walikuwa wanafurahi. Bosi wake akamwambia aandike kanuni itakayosema kipi kihifadhiwe na kipi kirudishwe kwa mwenyewe. Kijana akakaa, akapiga hesabu za karatasi za kiwandani, akaandika: chapisho lenye kurasa pungufu ya arobaini na nane si kitabu, na lisipokelewe. Akatia sahihi. Ghala likapumua, akasifiwa, akapanda cheo tena. Aliniambia kwamba kwa miaka mingi aliiona kanuni hiyo kuwa kazi yake safi kuliko zote.

Kisha mke wake akafariki.

Mke wake alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwenye cherehani barazani na mdomo usiopumzika. Nusu ya watoto wa mtaa walipita mikononi mwake wakipimwa mabega. Alimwita mumewe "mume wa karatasi," mbele ya wageni, na mumewe akacheka. Alipougua hakuugua sana, wiki chache tu. Kamati ikakaa, mjumbe akaja kwangu Jumatano jioni kama kawaida, nami nikafanya kama kawaida, yaani nikachukua programu ya marehemu aliyetangulia kwenye kompyuta, nikafuta ya kwake, nikaandika ya huyu. Kila mtu wa kazi hii hufanya hivyo. Usipofanya hivyo hutoboi hadi Alhamisi.

Marehemu aliyetangulia alikuwa dereva wa lori, jirani yetu pia, nyumba ya tatu kutoka kwa Mkutubi. Sentensi yake moja sikuifuta. Siku ya ibada mchungaji akasoma mbele ya kanisa zima kwamba mama huyu alikuwa mcha Mungu, mshonaji hodari, mlezi wa wengi, na kwamba hakuna kilichomfurahisha kama kuendesha lori peke yake akielekea mpakani Malaba. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, nikatamani sakafu inimeze. Halafu kutoka benchi la mbele ikasikika sauti ya mtu anayecheka huku analia, na alikuwa ni Mkutubi. Wengine wakafuata. Sijawahi kuona mazishi ya namna ile, na sijawahi kuaibika vile.

Baada ya kutoka kuzika alikuja dukani. Nilijiandaa kwa matusi, nikawa nimeshika ufagio kama silaha. Akanawa mikono, akaomba nakala mbili. "Hizi ni za maktaba," akasema. Nikampa. Akazipokea, akafungua ya kwanza, akahesabu kurasa kwa kidole, moja hadi nane. Kisha akasimama tu. Nilidhani amepatwa na kizunguzungu, nikamsukumia stuli. Akakaa na kuniambia, kwa mara ya kwanza, habari ya ile kanuni.

Nilimwambia jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angemwambia. Wewe ndiye mkubwa pale, kanuni uliiandika wewe, ifute kesho asubuhi. Kalamu unayo.

"Nikiifuta kesho, nitakuwa nimeifuta kwa ajili ya mke wangu," akasema. "Atakayenifuata ataifuta kwa ajili ya shemeji yake. Mchapishaji, wewe unaijua nchi hii."

Naijua. Lakini nilimwonea huruma mtu yule hadi nikasahau aibu yangu. Maisha yote ya mwanamke yule yaliyoandikwa popote yalikuwa kurasa nane zenye kosa langu, na mlango wa kuyahifadhi ulikuwa umefungwa na mkono wa mumewe mwenyewe. Nilijitolea kuzichapisha upya, ile sentensi ya lori itoke. Akakataa. Kilichosomwa kimesomwa, alisema, na mke wake angeipenda sana sentensi ile.

Tangu siku hiyo akaanza kukusanya programu za mazishi. Za kila mtu. Alisema kama yake haiingii, basi asiwe peke yake nje. Kila nilichochapisha alichukua nakala mbili, na zisizotoka kwangu alizifuata alikojua. Alikwenda mazishi ya watu asiowajua, akasimama nyuma na sweta yake, na kabla kaburi halijafunikwa alikuwa ameshaomba nakala. Hilo lilimletea matata. Katika ibada moja pale Mowlem vijana walimzunguka, wakamdhania mtu wa kampuni ya bima au tapeli wa kutumia majina ya waliokufa.

"Buda, hizi makaratasi unapelekanga wapi?" mmoja akamuuliza. "Si uwache watu wazike kwanza."

Akawajibu kwamba baba yao alikuwa fundi viatu miaka thelathini pale pale na hana picha nyingine iliyochapishwa ila hii, na je, wao wanajua watakapoiweka ili mjukuu aione? Wakatazamana. Hawakujua. Walimpa nakala tano, na chakula juu.

Programu hizo alizipanga nyumbani kwenye makatoni ya biskuti, na akaziandikia kadi, kadi za kweli za maktaba zenye tundu chini. Lakini kadi zenyewe zilinichekesha. Hakuzipanga kwa majina tu. Alikuwa na kadi ya waliosemwa kwamba walipenda kuimba, kadi ya waliopatanisha majirani, kadi ya wanaume walioelezwa na wake zao kuwa wacheshi, na kadi nene kuliko zote ya waliokuwa wakarimu hadi kupita kiasi. Aligundua kwamba Eastlands nzima hakujawahi kufa mtu mchoyo. Nilimwambia huo ni uongo wa kamati. Akasema ndiyo, lakini ni uongo uliochapishwa, na kazi yake ni kuhifadhi, siyo kuhukumu. Ukweli ni kwamba alihukumu sana. Alikuwa akinirudishia programu zangu na alama za kalamu nyekundu pembeni: picha imepinda, wimbo umekatwa, wajukuu wametajwa wote isipokuwa mmoja. Nilimchukia siku nyingine. Ila tangu aanze mchezo huo nimekuwa nikisoma kila programu mara tatu kabla ya kubonyeza kitufe, na hakuna marehemu aliyeendesha lori la mwenzake tena.

Alistaafu. Walimfanyia sherehe, wakampa saa ya ukutani na kiti cha kukunja, akaanza kushinda barazani pale ilipokuwa cherehani. Alingoja. Hakuniambia anangoja nini, nami kichwa kigumu sikuelewa hadi miaka kadhaa baadaye, magoti yalipoanza kumsumbua na binti yake akamwambia arudi nyumbani mashambani, kuna ngazi chache. Alikuwa amengoja asiwe mkuu tena, hata kidogo. Asiwe na wa kumwogopa ofisini, wala kiti cha kukalia pale. Alitaka aende kama mwananchi, na makatoni yake, aombe. Na sasa muda ulikuwa umebaki mwezi mmoja, maana makatoni hayangeweza kwenda naye shamba. Kule mchwa hawasomi kadi.

Tulienda pamoja, nikibeba katoni moja la mfano. Mkurugenzi wa sasa ni mama aliyefunzwa kazi na Mkutubi mwenyewe, tangu akiwa msichana wa kupanga rafu. Alitoka nje ya ofisi kutupokea, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwita Mwalimu. Akapekua katoni, akasoma mbili tatu, akatoa miwani akaifuta. Kisha akafungua droo, akatoa karatasi iliyogeuka rangi, akaiweka mezani kwa upole. Kanuni ile. Sahihi ile.

"Mwalimu, hii ulinikaririsha wewe," akasema. "Lakini naweza kufumba macho. Kwa ajili yako tu."

"Usifumbe," Mkutubi akamjibu. "Ukifumba nitajua nilikufundisha vibaya."

Wakabaki wanatazamana, wawili wanaopendana, na katikati yao karatasi moja kuukuu, na hakuna aliye tayari kuisogeza. Mimi si mtu wa maktaba. Mimi nina duka, watu wananingoja, na nilikuwa nimewaachia wateja kibao cha "narudi sasa hivi." Hasira ikanipanda. Nikauliza hiyo kanuni inasema kurasa arobaini na nane za nini? Za mtu mmoja? Za familia moja? Maana mimi huwapeleka wanafunzi wa chuo kwa fundi wa kujalidi kule Majengo kila mwezi, anashona lolote na lolote. Programu sita za kurasa nane zikishonwa pamoja na kupigwa jalada gumu ni kitu gani, kama si kitabu?

Mkurugenzi akaivuta karatasi, akaisoma tena neno kwa neno. Mkutubi hakuisoma, aliijua kwa moyo. Nilimwona anaipitia kichwani kama mtu anayepapasa mifuko akitafuta ufunguo. Mwishowe akasema, polepole, kwamba kanuni haikutaja watu wangapi. Mkurugenzi akaanza kucheka. Alicheka hadi katibu wake akachungulia. Akasema zikija zimejalidiwa atazipokea kwa mikono yake, na kila mtu aliyemo ataandikishwa kwa jina.

Mwezi uliofuata sikuuza kitu cha maana. Kila jioni nikifunga nilienda kwake kupanga. Mimi ningezipanga kwa alfabeti tukamaliza kwa siku tatu, na yeye, bingwa wa alfabeti, ndiye aliyekataa. Alisema hawa watakaa jalada moja milele, lazima mtu afikiri. Mwenye nyumba hakumweka na mpangaji wake. Akina mama wawili wa kwaya waliogombania kuongoza nyimbo aliwatenga kwanza, akalala, asubuhi akawaunganisha, kwamba wangechoka bila mtu wa kugombana naye. Fundi wa saa alimweka na kondakta aliyekuwa akichelewa kila mahali. Alikuwa akicheka peke yake sakafuni, magoti yamenyooshwa, redio inanguruma, na nilikuwa na furaha mimi pia, sijui nisemeje, furaha ya kuwapangia watu mahali pa kukaa sherehe inapoanza.

Ya mke wake aliiacha mwisho. Aliiweka chini mbele yake, kurasa nane. Upande mmoja akamweka mama wa mboga waliyekuwa wakipiga naye soga kila mchana, nane. Mwalimu wa kwaya, ambaye aliandikiwa mengi, kumi na mbili. Yule fundi viatu aliyemshonea mkoba wake, kurasa nne. Kisha akamtafuta dereva wa lori.

"Huyu alishampa mke wangu sentensi moja," akasema. "Hatuwezi kuwatenganisha."

Nane nyingine. Nikajumlisha kwa sauti: arobaini. Zilibaki nane. Nikanyoosha mkono kwenye katoni kuchukua yoyote, kulikuwa na mzee wa kanisa mzuri tu, mtulivu, asiyemkera mtu. Mkutubi akaniwekea mkono juu ya mkono.

"Hapana," akasema. "Hapo pana mwenyewe."

Nilipoelewa kwamba nafasi hiyo amejiwekea yeye, nilianza kubisha, nikapandisha sauti juu ya redio. Nilimwambia amengoja miaka yote hii, mlango umefunguka, mkurugenzi amekubali, wote hawa wataingia kesho kutwa na mke wake ndiye atakayebaki nje. Mke wake ndiye aliyeanzisha safari hii yote. Akanisikiliza hadi nikamaliza. Akasema mama huyo amemngojea kwenye mlango wa maktaba jioni nyingi, hadi yeye amalize kufunga, na hajawahi kutangulia kuingia kwenye basi. Alisema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akipanga makatoni.

Fundi wa Majengo alijalidi zote kwa kitambaa cheusi. Siku pikapu ilipokuja kuzipeleka, Mkutubi alisimama barabarani akizihesabu zinavyopakiwa, akambishia dereva kuhusu turubai, akaipungia mkono kama inapeleka bibi harusi. Kesho yake binti yake alikuja na gari kumchukua. Alipita dukani kwanza. Akanawa mikono. Akatoa kwenye mfuko wa karatasi juzuu moja nyembamba, nyeusi kama nyingine, na fundi alikuwa ameacha nafasi mwishoni, mshono umelegezwa, kwa karatasi zitakazokuja.

"Wewe ndiwe Mchapishaji," akaniambia. "Ikifika wakati, watakuletea. Usiwaruhusu waandike nyingi. Nane tu, zienee."

Nilifungua droo, nikajifanya ninatafuta stepla. Akaniacha nitafute, akatoka taratibu, akashika ukuta kwa ajili ya magoti, na binti yake akamfungulia mlango wa gari.

Zile nyingine ziko maktaba kuu, mkurugenzi alinitumia picha ya rafu. Hii iko hapa juu ya printa, imefunikwa na plastiki. Mkutubi hunipigia simu Jumapili kutoka shambani kuuliza kama vumbi halijaingia, na kunisomea makosa aliyoyaona kwenye gazeti. Jumapili iliyopita alikuwa na kikohozi, lakini alicheka vizuri. Nikimaliza kuongea naye huwa naishusha juzuu hiyo, naipangusa, nahesabu kurasa zake. Ni arobaini. Bado si kitabu, na kila asubuhi ninapofungua duka naomba isiwe kitabu kwa muda mrefu.